Ufundi wa Kutafuta Tofauti

Mwezi ukiisha, mhasibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa chai kule Rungwe ana kazi ambayo wanachama wengi hawaioni. Anaweka daftari la fedha upande huu na taarifa ya benki upande ule, kisha anatafuta kwa nini havisemi jambo moja. Karibu kila mwezi havisemi. Ndiyo kazi ya usuluhisho wa benki.

Tuseme daftari linaonyesha salio la shilingi 4,812,000, na benki inasema 5,151,000. Mwenye haraka atatafuta pa kuchomeka 339,000 ili mistari miwili ilingane, na hapo ndipo kupika hesabu kunapoanzia. Fundi hachomeki kitu. Anashika kalamu, anaweka alama ya vema kwenye kila muamala unaoonekana pande zote mbili, mpaka ibaki ile isiyo na mwenzake. Hundi ya 350,000 ya muuza mbolea: imeandikwa kitabuni, lakini mwenyewe hajaipeleka benki. Makato ya 2,000: benki imeshayachukua, kitabu hakina habari. Inabaki 9,000 isiyo na maelezo. Mhasibu mzoefu akiona tofauti inayogawanyika kwa tisa hushuku mara moja kwamba tarakimu mbili zimepishana nafasi. Anapekua stakabadhi moja baada ya nyingine hadi anaikuta: fedha zilizopokelewa ni 45,000, kitabuni zimeandikwa 54,000. Hakuna aliyeiba. Kalamu iliteleza, pengine siku ya malipo, watu wakiwa wamejaa dirishani.

Kisha linafuata jambo ambalo wageni wa kazi hii hulishangaa. Ile hundi ya mbolea hairekebishwi popote. Inaandikwa tu kwenye taarifa ya usuluhisho, na namba yake na tarehe yake, isubiri. Makato yanaingizwa, tarakimu zinasahihishwa, lakini hundi haina kosa; imechelewa tu. Ufundi huu unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa kwa sababu unajua kutenganisha kosa na kuchelewa, wizi na kupitiwa. Chama kinaweza kuvunjika kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye subira ya kufanya utengano huo kabla shutuma hazijafika kwenye mkutano mkuu.

Wasuluhishi wa watu wanafanya kazi inayofanana sana na hiyo. Huko huko Rungwe, katika miaka ya 1930, Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa, na baadaye Monica aliandika kwa kirefu juu ya hasira za ndugu. Alieleza kwamba wenye ugomvi hawakutakiwa kunyamaza na kujifanya wako sawa. Kila mmoja alipaswa kuitoa hasira yake mdomoni mbele ya wenzake, ndipo tambiko lifae. Manung'uniko yaliyofichwa yaliogopwa: pumzi ya watu waliochukizwa iliaminika kumletea mkosaji ugonjwa. Mtu anaweza asiiamini hiyo pumzi na bado akauona ukweli uliomo, kwamba deni lisilotajwa halilipiki.

Sheria za nchi nazo zimeweka mahali pa kusemea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji baraza la ardhi la wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, wanaopendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano wa kijiji. Baraza hilo linasuluhisha tu, halimlazimishi mtu. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza la kata nalo limeondolewa mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi, likabaki na usuluhishi na muda wa siku 30. Wapo walioona ni kupunguziwa hadhi. Lakini aliyenyang'anywa rungu analazimika kuwa fundi.

Na ufundi huo unaonekana shambani. Kama ni ndugu wawili wa Mufindi wanaogombea shamba la marehemu baba yao, wajumbe wanaoijua kazi hawaanzi kwa kuuliza nani ana haki. Wanaanza na yale ambayo pande zote zinayakubali: mzee alilima mpaka wapi, mti huu ulipandwa na nani, mfereji ulipita wapi kabla mvua haijauhamisha. Wanatembea mpakani na jirani aliyelima upande wa pili. Ni alama za vema zinazowekwa kwa miguu. Ugomvi ulioletwa barazani kama wa shamba zima unaweza kuishia kuwa ugomvi wa hatua chache, na hatua chache zinazungumzika.

Kupatanisha mawazo ni kugumu zaidi, ila nako kuna mfano. Kabla ya mwaka 1971, ndoa za Wakristo, Waislamu, Wahindu na za kimila zilikwenda kila moja kwa kanuni zake. Serikali ilitoa mapendekezo yake kwa wananchi mwaka 1969, na Sheria ya Ndoa ikapitishwa miaka miwili baadaye. Haikuzifanya ndoa zote kuwa moja. Iliacha mtu afunge kwa dini, kwa mila au kiserikali, ya mke mmoja au ya wake wengi, kisha ikaziweka zote chini ya mahakama zile zile na mabaraza ya usuluhishi. Kwa kawaida, shauri la talaka halipokelewi mpaka baraza lithibitishe kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha wenzi. Kushindwa nako kunaandikwa.

Iringa ina hesabu iliyokaa wazi kwa miaka mingi. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye jeshi lake liliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, alijiua mwaka 1898 asikamatwe, na fuvu lake likapelekwa Ujerumani. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi ndani ya miezi sita. Halikukabidhiwa. Hatimaye Gavana Edward Twining alilichagua fuvu moja katika makumbusho ya Bremen, akilinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ukoo wa Mkwawa, na mwaka 1954 lilirudishwa Kalenga, likapokewa na mjukuu, Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Kwa Wahehe, kurudi kwake kulikuwa jambo kubwa, na hakuna sababu ya kulipunguza. Lakini wapo wanahistoria wanaohoji kama vipimo hivyo vilitosha kumtambua mtu. Mgeni anayefika kwenye makumbusho ya Kalenga anastahili kuelezwa yote mawili, tarehe ya kurudi na shaka iliyobaki, bila moja kufutwa ili kulinda jingine.