Tangazo Likigeuziwa Kibao: Mwongozo wa Kulipima

Barabara inayoshuka kutoka Tukuyu hadi Kyela ina kuta zinazouza. Duka la kona limevaa rangi za kampuni ya simu, grosari ya jirani imevaa za bia, na bango linalotaja jina la shule lina nembo ya soda juu yake. Wenye umri wanazikumbuka kuta hizohizo zikiwa na sura nyingine: Celtel iliyoingia nchini mwaka 2001 iligeuka Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, na kila jina lilipobadilika mafundi rangi walirudi na ndoo zao. Mtoto aliyekulia kati ya kuta hizo amesoma matangazo mengi kuliko vitabu. Watu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, basi, hawahitaji kuelezwa tangazo ni nini. Kinachotufaa ni kipimo cha kazi inayolijibu tangazo kwa lugha yake lenyewe, maana kazi hizo sasa zinapita kwenye simu zetu kila siku, na nyingi ni mbovu.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtu anachukua umbo la tangazo, yaani herufi zake, picha yake, rangi zake na kaulimbiu yake, kisha analifanya liseme kile ambacho mwenye bidhaa asingependa kisemwe. Jarida lililoifanya kazi hiyo ikawa fani ni Adbusters la Vancouver, Kanada, lililoanzishwa mwaka 1989 na Kalle Lasn, mzaliwa wa Estonia, pamoja na Bill Schmalz. Chanzo chake ni miti. Kampuni za mbao za jimbo la British Columbia zilikuwa zikijitangaza kwenye televisheni kwamba misitu itakuwepo milele. Lasn na wenzake wakatengeneza tangazo la kuzijibu, wakaenda kununua muda hewani kama mteja mwingine yeyote, wakakataliwa. Fedha zao zilikuwa halali, ila ujumbe wao ulikuwa wa kuvuruga biashara. Jarida likazaliwa hapo, na likajiwekea mwiko wa kutopokea tangazo la biashara. Kabla yake lilikuwepo Mad la New York, jarida la vichekesho lililokaa bila matangazo ya biashara tangu mwaka 1957 hadi 2001, likichapa matangazo ya kubuni yaliyochorwa kwa mkono wa fundi.

Ndiyo maana ukishika jarida linalodai kuwapinga wauzaji, ligeuze kwanza utazame jalada la nyuma. Huo ndio ukurasa unaouzwa ghali kuliko karibu kurasa zote. Kama pale amekaa mwenye bia, na ndani kuna ukurasa wa kumcheka mwenye soda, unachosoma ni pambo. Jalada la nyuma likiwa safi, bado uliza nani analipa. Hapa kwetu Femina, lililoanza mwaka 1999, na mdogo wake SiMchezo! wa mwaka 2003, yalifika mashuleni na vijijini bure kwa fedha za wafadhili. SiMchezo! lilifanya jambo ambalo majarida ya kung'aa hayalifanyi: liliwapa nafasi ya picha kijana wa kijijini, mvuvi na mama lishe, watu wanaosimulia maisha yao wenyewe, mahali ambapo wengine wangemweka mrembo wa kuuza sabuni. Mimi nalihesabu hilo kuwa ugeuzaji wa kweli wa desturi za majarida. Lakini fedha ya mfadhili nayo ina mipaka yake, na msomaji makini huiangalia kama anavyoiangalia fedha ya mwenye bia.

Baada ya kujua nani analipa, tazama mfanano. Hapa ndipo kazi nyingi huanguka. Mtengenezaji ana hasira, anaharakisha, herufi zinakaa upande, rangi ya nembo inakaribiana tu na ile ya kweli. Tangazo lililogeuzwa linapaswa kumdanganya msomaji kwa pumzi moja. Akili ilipokee kama tangazo, kisha jicho likwame mahali fulani na kurudi. Bila ile pumzi ya kwanza, kinachobaki ni bango la maandamano, ambalo ni jambo jema lakini ni fani nyingine. Kipindi cha The XYZ Show, alichokibuni Gado, yaani Godfrey Mwampembwa mzaliwa wa Dar es Salaam, na kilichoanza kurushwa na Citizen TV ya Kenya mwaka 2009, kilitumia vikaragosi, na nguvu yake ilikuwa kwamba meza ya habari ilikuwa meza ya habari kwelikweli. Taa, suti na sauti ya msomaji vilikuwa mahali pake. Kilichobadilika ni kwamba mwanasiasa sasa alikuwa wa mpira, na aliyasema aliyokuwa akiyaficha.

Mfanano ukishatimia, hesabu mabadiliko. Kazi bora hubadilisha kitu kimoja. Mwaka 1996 Adbusters lilichapa Joe Chemo, wazo la Scott Plous, mwalimu wa saikolojia. Wakati huo sigara za Camel zilikuwa zikiuzwa kwa katuni ya ngamia mchangamfu, Joe Camel, aliyependwa hata na watoto. Plous hakumwandikia hotuba. Alimpeleka ngamia yuleyule hospitali, nywele zimemtoka, anatibiwa saratani. Mwaka uliofuata kampuni ilimwondoa Joe Camel sokoni. Kesi na shinikizo la wanaharakati wa afya ndivyo vilivyofanya kazi kubwa, na jarida lisipewe sifa isiyo yake. Hata hivyo, aliyemwona ngamia yule kitandani hakuweza tena kumwona yule wa kwanza kwa macho yaleyale, na huko ndiko kufaulu kwa fani hii.

Tuulete mfano nyumbani. Kila mtu wa Kyela anajua kwamba jina la wilaya yetu limeandikwa kwenye mifuko na vibao vya mchele ambao haukulimwa kwetu. Mchele wa bonde jingine, au wa mchanganyiko, unapewa jina la Kyela ili uvute bei. Tuseme kijana wa Ipinda anataka kulijibu hilo. Akimchora mfanyabiashara mwenye tumbo kubwa na pembe kichwani, amefanya katuni ya kawaida, na mfanyabiashara mwenyewe ataicheka na kuibandika dukani. Akichora mfuko uleule, kwa herufi zilezile za kijani, na suke lilelile la mpunga linaloinama, kisha chini akaandika neno "Umelimwa:" na mbele yake akaacha nafasi tupu, amefanya kazi ya fundi. Hakumtukana mtu wala hakusema uongo. Mnunuzi wa Tandale, Dar es Salaam, akiuona mfuko ule atamwuliza muuzaji swali ambalo jana hakuwa nalo.

Mfano huo unafungua kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote: ukweli unaoweza kuthibitishwa. Ukienda Matema, wanawake wa Kikisi kutoka Ikombe na Lyulilo wanauza vyungu ambavyo vimefika mbali na Ziwa Nyasa bila bango hata moja. Mnunuzi mzoefu hasikilizi maneno. Anakigonga chungu kwa kidole na kutega sikio, na ufa uliofichika unajitaja wenyewe. Tangazo lililogeuzwa nalo ligongwe hivyohivyo. Linadai nini hasa? Naweza kulithibitisha wapi? Madai yakiwa ya jumla, kama vile "kampuni zote ni wezi", mlio ni wa chungu kilichopasuka. Anayetaka kuwasema wanunuzi wa njungu, wanaomlipa mkulima kakao ikiwa bado mbichi kwa sababu ana shida ya ada au msiba, aweke bei ya njungu kando ya bei ya mnada wa chama cha ushirika, juu ya karatasi iliyofanana na ile ya chokoleti. Namba mbili zinatosha, mradi ziwe za kweli na za msimu mmoja.

Kazi bora ya namna hii ninayoijua Tanzania haikutoka kwenye jarida. Baada ya ada ya shule za msingi kufutwa mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulianza mwaka 2002, na serikali ikawa inatangaza madarasa yaliyojengwa na watoto walioandikishwa. Shirika la kiraia la HakiElimu walinunua muda redioni na kwenye televisheni kama wanavyonunua wauza sabuni, wakarusha vipande vifupi vya kuigiza vyenye mwendo wa tangazo la biashara, ila bidhaa ilikuwa shule yenyewe, pamoja na uhaba wake. Mwaka 2005 walitoa pia ripoti juu ya miaka mitatu ya MMEM, na hapo ndipo penye funzo: ripoti ile ilikusanya matokeo ya tathmini za serikali yenyewe. Mwezi Septemba mwaka huo wizara ya elimu ikawapiga marufuku kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule. Sidhani kama kuna cheti kikubwa zaidi. Mamlaka haikasirikii kazi iliyofanywa ovyo, huiacha ijifie. Anayeanza kazi hii na ajue kwamba gharama ni sehemu yake, na kwamba ngao yake ni usahihi.

Kuna jambo linaloniudhi katika kazi nyingi za vijana wetu, nalo ni kukosea wa kuchekwa. Chukua vipodozi vya kujichubua. Vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na bado vinauzwa. Michoro mingi inayojifanya kuvipinga humwonyesha dada aliyebadilika rangi, mikono myekundu, vifundo vyeusi, na chini yake maneno ya kumsimanga. Aliyeuziwa hofu anachekwa mara ya pili, na kopo halijaguswa. Kazi ya maana ingelichukua kopo lenyewe na ahadi zake, ikaandika mahali pa "ngozi nyororo" kile kilichomo. Kicheko kiende juu, kwa aliyepata faida. Binyavanga Wainaina wa Nakuru alilijua hilo alipochapisha katika jarida la Granta, mwaka 2005, insha yake ya kuwaelekeza waandishi namna ya kuandika juu ya Afrika. Alivaa sauti ya mwongozo kamili, na aliyeaibika alikuwa mwandishi mgeni. Mwaka 2012 nchini Norway, taasisi ya wanafunzi SAIH ilitoa video ya Waafrika wakiwachangia Wanorway vifaa vya kupashia joto nyumba, kwa kuwa wanaganda kwa baridi. Kila kitu katika video ile kilikuwa cha matangazo ya kuomba misaada, ila mwombaji na mtoaji walibadilishana viti.

Kuhusu lugha nitasema machache. Anayegeuza tangazo la Kiswahili kwa mbinu za Vancouver anapoteza nusu ya nguvu. Tangazo letu halisi ni la sauti: gari la spika linalopita sokoni siku ya gulio, mtangazaji wa redio anayevuta maneno, misemo ya mizani. Na lafudhi ya Kinyakyusa ikiigizwa na mtu asiyeijua, watu wa Kyela hutambua kabla sentensi haijaisha, na kazi inakufa papo hapo.

Mwisho wa kukagua, tazama kama aliyegeuza tangazo hajageuka muuzaji. Mwaka 2004 Adbusters walianza kuuza viatu vyao, Blackspot, vyenye doa jeupe mahali pa nembo. Walisema ni kuonyesha kwamba biashara ya haki inawezekana. Mwaka huohuo Wakanada wawili, Joseph Heath na Andrew Potter, walichapisha kitabu cha kudai kwamba uasi wa namna ile ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Nakubaliana nao kwa viatu, si kwa jarida zima. Doa lile lilikuwa nembo, na wateja walilivaa kama nembo.

Kuchapa jarida leo kunataka mtaji, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inataka leseni. Lakini gazeti la ukutani shuleni linataka karatasi, kalamu za rangi na mwalimu asiye na woga. Mwalimu wa Kyela, Busokelo au Rungwe unayesoma haya: wape wanafunzi wako mfuko mmoja wa mchele ulioandikwa jina letu, wauchore bila kukosea hata herufi, kisha uwaruhusu kubadilisha neno moja tu.