Kazi Isiyotaka Mkasi

Anayedhani sweta ni vazi la Wazungu hajapata kupanda basi la alfajiri kutoka Makambako kwenda Njombe mwezi wa Julai. Abiria wamevuta mizula hadi kwenye nyusi, na kwa mtoto aliyebebwa mgongoni huoni ila pua. Kule Kitulo nyasi huamka zimeganda. Ng'ambo ya mpaka, Limuru na Kinangop, nako boshori hazivuliwi mpaka jua lipande.

Nyingi zimetoka kiwandani au kwenye mitumba, na simlaumu mtu. Baridi haimsubiri mfumaji. Lakini kufuma kwa mkono nakupenda kwa sababu moja: hakuhitaji mkasi, ukiacha ile ncha ya mwisho. Fundi cherehani lazima akate kwanza, na akikosea, kitambaa kimeharibika. Mfumaji anashika uzi mmoja, anaupitisha ndani ya vitanzi vyake wenyewe, kitanzi hiki kikikishikilia kile. Akikosea, anavuta. Mstari mzima unarudi kuwa uzi, naye anaanza tena bila hasara.

Wazazi ndio wanaojua thamani ya jambo hilo. Mfumaji mwenye akili huanzia mkono wa sweta begani na kumalizia kwenye kiganja. Mtoto akirefuka, anafumua pindo la kiganja tu, anaunga uzi, anaongeza inchi mbili, na sweta la mwaka jana linavalika mwaka huu. Sweta likishindikana kabisa, linafumuliwa lote na kugeuzwa kofia na soksi za mdogo wake.

Anayejifunza aanze na kofia. Kwa kichwa cha mtu mzima, mishono 90 hivi kwenye sindano za milimita 4 inatosha. Pindo hufumwa mishono miwili ya mbele, miwili ya nyuma, kwa sentimita tano. Hapo ndipo kofia inapopata mvutiko wa kukaa vichwa tofauti. Kisha unapanda moja kwa moja hadi karibu na utosi, unaanza kuunganisha mishono miwili kuwa mmoja, safu baada ya safu, mpaka ibaki michache. Unapitisha uzi ndani yake, unaukaza kama mdomo wa mfuko, unashona ubavu. Kwisha. Soksi za kichanga ni rahisi zaidi kwa uzi, hazimalizi hata gramu 30, na kwa anayekwenda kumwona mzazi sijui zawadi inayozishinda.

Sanaa yenyewe ni kongwe. Misri kumepatikana soksi za pamba, nyeupe na nili, za kati ya karne ya 11 na ya 14, zilizofumwa kwa mapambo yanayofanana na hati ya Kikufi. Nchi ya joto, tena!

Ila baridi inataka sufu. Nywele za kondoo zimejikunja, na katika mikunjo hiyo hewa inanaswa na kukaa na joto la mwili. Tena sufu hunywa unyevu hadi karibu thuluthi ya uzito wake kabla hujahisi kuloa, kwa hiyo ukungu wa asubuhi hauitishi. Uzi mwingi wa madukani kwetu ni akriliki, hata ukiitwa sufu. Choma kipande: sufu huungua polepole, hunuka nywele na kuacha majivu yanayosagika, akriliki huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Sufu halisi ya bei nafuu iko mitumbani. Tafuta sweta kubwa la mtu mzima, lakini kabla ya kulipa ligeuze nje ndani uangalie mishono ya ubavuni. Ikiwa imekatwa kwa ovaloki, liache, maana utapata vipande vifupi visivyofaa. Ikiwa imeshonwa tu kwa kuunganisha kingo, nunua: fumua, osha uzi kwa maji ya baridi bila kuusugua, uanike kivulini, kisha uanze kofia yako.