Wali Kwanza, Samaki Baadaye

Mteja wa kwanza kulalamika kwenye mkahawa wa sushi huwa ni yule aliyeletewa wali vuguvugu. Amezoea sushi ya supamaketi, iliyolala ndani ya friji kwenye kisanduku cha plastiki, akaamini kwamba baridi ndiyo desturi yake. Anamwita mhudumu, anaisukuma sahani pembeni. Maskini, huenda amekirudisha jikoni kitu kilichopikwa kwa uangalifu kuliko vyote siku hiyo.

Wali wa sushi hutakiwa uwe na joto la kiganja cha mtu. Ukipoa sana wanga wake hukakamaa, punje huwa ngumu, na siki hubaki ikichoma peke yake. Ndiyo maana mlaji mzoefu hahangaiki na samaki kwanza. Huanza na wali, ambao wapishi wa Tokyo huuita shari, kwa kuwa samaki mzuri hununuliwa sokoni lakini wali mzuri haununuliki.

Aliyelelewa kwenye jiko la Kiswahili ana la kusahau hapa. Pilau na wali wa nazi husifiwa vikichambuka. Vikishikana, mpishi atasemwa mpaka jioni. Mchele wa Kijapani una punje fupi zenye kunata. Ukishaiva humiminwa kwenye beseni pana la mbao, hunyunyiziwa siki iliyotiwa chumvi na mara nyingi sukari, kisha hukatwakatwa kwa mwiko bapa huku ukipepewa, ili kila punje ing'ae bila kupondeka. Mikahawa mingine hutumia siki nyekundu itokanayo na machicha ya pombe ya mchele, na wali hugeuka kahawia hafifu. Mgeni asidhani umeungua.

Baada ya wali, tonge. Neno hili linafaa kuliko maelezo marefu, maana nigiri ni tonge hasa: wali uliofinywa kwa mkono na kulazwa kipande cha samaki juu yake. Tonge zuri hubaki zima kutoka kwenye sahani hadi mdomoni, halafu husambaratika lenyewe juu ya ulimi. Likihitaji kutafunwa kama ugali wa jana, limekandamizwa mno. Likimwagika njiani, mpishi bado anajifunza. Mashine za kufinya matonge zipo tangu 1981, kampuni ya Suzumo ya Japani ilipotoa ya kwanza, nazo haziutii aibu mkahawa wa bei nafuu. Aibu ni kumlipisha mteja bei ya mkono kwa kazi ya mashine.

Kula sushi kwa vidole si utovu wa adabu Japani, na anayekula hivyo hulipima tonge kabla ya kulionja. Akichovya, achovye upande wa samaki. Wali hunyonya sosi ya soya kama sifongo, ukavunjikia bakulini, kisha mteja akamlaumu mpishi kwa kosa lake mwenyewe.

Lalamiko la pili ni kwamba samaki si wa leo. Mara nyingi ni kweli, na mara nyingi ni sifa. Matonge haya yalianza Edo, jiji ambalo leo ni Tokyo, katika miaka ya 1820, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni muuzaji aitwaye Hanaya Yohei. Kilikuwa chakula cha kibandani, matonge makubwa kuliko ya sasa, kikiliwa na watu wenye haraka. Hapakuwa na friji, basi jodari alilowekwa kwenye soya, samaki wadogo wakatiwa chumvi na siki, mkunga akachemshwa. Ufundi wa Edo ulizaliwa kwenye kumtunza samaki, si kwenye kumkimbiza kutoka ufukweni. Hata leo jodari mkubwa huachwa siku kadhaa, pengine wiki nzima na zaidi, mpaka nyama ilainike na ladha ikolee.

Yapo pia manung'uniko kwamba samaki aligandishwa. Kanuni za usalama wa chakula za Marekani zinataka samaki wa aina nyingi wanaoliwa wabichi wagandishwe kwanza, kwa mfano nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, ili minyoo ife. Meli za Kijapani zinazovua jodari mbali, Bahari ya Hindi ikiwamo, humgandisha humohumo baharini kwa baridi ya nyuzi 60 hivi chini ya sifuri. Aliyeyeyushwa kwa utaratibu humshinda kwa mbali yule aliyeshinda juani kwenye mtumbwi na kuitwa "wa leo". Wanunuzi wa samaki wa Mombasa na Zanzibar hawahitaji kufundishwa hilo.

Sasa malalamiko ya haki. Harufu ni la kwanza: sushi njema hunukia bahari kidogo na siki kidogo, basi. Mkahawa unaonuka samaki tangu mlangoni haustahili kukaliwa. Kipande chenye kingo zilizokauka, au kilichoacha kidimbwi cha maji kwenye sahani, kilikatwa mapema au kiliyeyushwa kwa pupa. Mwani unaouzunguka wali unapaswa kuvunjika kwa sauti ukiumwa. Ukivutika kama mpira, umekaa mno. Na mkahawa unaomwagia kila kitu mayonezi yenye pilipili una jambo unalificha.

Wasabi, kiungo kikali cha sushi, nayo husema mengi. Ile ya kijani kali, laini kama dawa ya meno, kwa kawaida hutengenezwa kwa mzizi mwingine mkali wa Ulaya uliochanganywa na haradali na rangi. Wasabi yenyewe hukwanguliwa papo hapo, kwa kawaida kwenye kibao cha ngozi ya papa. Huwa ya kijani iliyofifia, hupanda puani mara moja, ikashuka na kuacha utamu. Nguvu yake hupotea ndani ya dakika chache, ndiyo maana mpishi makini huiweka mwenyewe kati ya samaki na wali. Kuikosa ile halisi kwenye mkahawa wa kawaida si kosa, kwa kuwa ni ghali. Kuikosa kwenye mkahawa wa bei ya juu ni kosa.

Anayetaka kumpima mpishi kwa oda mbili tu aache jodari wa mafuta, maana hata asiyejua kazi hupata sifa naye. Aagize kohada, samaki mdogo mwenye undugu na dagaa, anayetiwa chumvi kisha siki. Chumvi ikizidi kidogo au siki ikikaa dakika chache zaidi, ameharibika. Halafu aagize yai, tamago. Katika filamu ya mwaka 2011 kuhusu Jiro Ono, mpishi wa Ginza, mtaa wa Tokyo, aliyezaliwa 1925, mwanafunzi wake anasimulia jinsi alivyopika mayai zaidi ya mara 200 kabla ya mzee kukubali moja.

Salmoni hapimi kitu. Wapishi wa Edo hawakumla mbichi kwa kuhofia minyoo. Wafanyabiashara wa Norwei ndio waliomwingiza kwenye sushi ya Japani kuanzia miaka ya 1980, kwa samaki wa kufugwa. Mkahawa wa jadi wa Tokyo usipokuwa naye, haujaishiwa.

Huduma ndipo maoni ya wateja yanapogongana kabisa. Kwenye kaunta ya Jiro yenye viti 10, mlo mzima huweza kwisha ndani ya nusu saa, na wapo wanaotoka wakisema wamefukuzwa. Wengine husema hawajawahi kuhudumiwa vile. Wote wanaeleza jambo moja. Tonge huanza kufa likishawekwa mbele ya mteja, hivyo mwendo wa mpishi ni sehemu ya mapishi. Katika filamu hiyohiyo Jiro anaonekana akitambua mteja anayetumia mkono wa kushoto, na tonge linalofuata likawekwa upande huo bila neno. Huduma ya namna hiyo haina tabasamu wala maswali ya "kila kitu sawa?", na inamshinda mhudumu mcheshi aliyeacha sahani dakika kumi dirishani. Mteja naye ana wajibu: asijipulizie manukato, na asilipige tonge picha mpaka lipoe.

Kwenye mikahawa ambako sahani hupitishwa kwa mkanda unaozunguka, vigezo ni vingine. Yoshiaki Shiraishi aliufungua mkahawa wa kwanza wa namna hiyo karibu na Osaka mwaka 1958, baada ya kuona chupa zikisafiri kwenye kiwanda cha bia. Hapo mteja mwerevu hangoji sahani iliyokwisha kuzunguka mara tano. Huagiza moja kwa moja. Akipata wali usiokauka, chai ya moto na meza isiyonata, amepata thamani ya pesa yake, wala asidai ya Ginza.

Kuhusu bei, mnada wa mwaka mpya kwenye soko la samaki la Toyosu, Tokyo, usimtishe mtu. Jodari wa kilo 278 aliyeuzwa kwa yeni milioni 333.6 Januari 2019 alinunuliwa na mwenye mikahawa zaidi kwa ajili ya kujitangaza kuliko kwa ladha. Bahashishi Japani haitolewi. Mgeni anayeiacha juu ya kaunta anaweza kufuatwa hadi barabarani arudishiwe pesa yake.