SITI BINTI SAAD: MTUNZI NI NANI?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, makala haya yamezuka kutokana na swali la darasani. Tulikuwa tukijadili nyimbo kama kipera cha fasihi simulizi, nami nikamtaja Siti binti Saad wa Unguja. Mwanafunzi aliyeketi nyuma akainua mkono: "Mwalimu, ikiwa wimbo umetungwa na kundi zima, mtunzi ni nani? Na ukishatiwa kwenye santuri, bado ni fasihi simulizi?" Kengele ililia kabla sijajibu, na nakiri kwamba iliniokoa. Hapa najaribu kulipa deni lile.

Usuli

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara na walikuwa watumwa. Yeye mwenyewe aliitwa Mtumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897, lakini sheria hufuta hati upesi kuliko inavyofuta dharau. Msichana huyu alifinyanga na kuuza vyungu. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafunzwa uimbaji na Ali Muhsin, kisha akashirikiana na wanamuziki kama vile Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruku na Mwalimu Shaban. Huko ndiko alikopata jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Tazama majina hayo mawili. Tumezoea kuwafunza wanafunzi kwamba majazi ni mbinu ya mwandishi kumpa mhusika jina linaloafiki tabia au hali yake. Hapa hakuna mwandishi. Jamii yenyewe ilimwita binti huyu Mtumwa, na jamii hiyo hiyo ikaja kumwita Siti. Mabadiliko ya jina ni muhtasari wa maisha yake yote.

Lugha kama msimamo

Taarabu ilipokita mizizi katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliweza kuimba kwa Kiarabu pia, lakini sifa zake zilienea kwa nyimbo za Kiswahili. Mtahiniwa asiliandike jambo hili kama pambo la historia tu. Uteuzi wa lugha ni sehemu ya fani, na hapa unabeba maudhui: anayeimba kwa lugha ya sokoni na kisimani amekwisha kuamua nani awe hadhira yake.

Wapo waliomwonea kijicho, wakamtungia wimbo wa kumkejeli kwamba alikuja mjini amejifunga kaniki, na kwamba lau si sauti yake asingepata chakula. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa na mafukara, kwa hiyo ni ishara ya nasaba duni. Lakini soma kejeli hiyo kwa makini. Anayesema "lau si sauti" amekiri kwamba sauti ipo, tena inamlisha mwenyewe. Dongo limemrudia mrushaji. Naye Siti alijibu kwa wimbo, akashikilia kwamba cha kupimwa kwa binadamu ni akili wala si umbo. Huu ni mfano bora wa malumbano katika ushairi simulizi, nami naupendekeza kwa darasa lolote.

Wimbo kama mahakama

Miongoni mwa nyimbo zake zilizojadiliwa sana ni ule wa Kijiti. Unahusu mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, akatoka na wenzake kwenda kustarehe, akauawa. Mwuaji alivuka akakimbilia bara, na walioadhibiwa wakawa wanawake walioandamana na marehemu, kwa sababu ya pombe waliyonunua. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu starehe na siasa za Unguja, ameuchunguza wimbo huu kama shutuma dhidi ya mahakama ya kikoloni.

Kimuundo, wimbo huu ni tathlitha: mishororo mitatu katika kila ubeti, vipande viwili katika kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Mtahiniwa wa kawaida ataishia hapo na kuhesabu mizani. Mtahiniwa mzuri atauliza: kwa nini kisa cha mauaji kikavishwa umbo lenye mpangilio mkali namna hii? Jibu langu ni kwamba vina husaidia kumbukumbu. Mahakama ilipofunga faili, wimbo ulihakikisha kwamba kesi inaendelea kusikizwa mitaani kila ulipoimbwa. Toni si ya kilio tu, ni ya mashtaka.

Santuri ilileta nini?

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, Uhindi, kurekodi nyimbo kwa kampuni iliyotumia nembo ya His Master's Voice. Anatajwa kuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwa Kiswahili. Santuri hizo zilisikizwa majumbani na mikahawani, na watu ambao hawakuwahi kumwona.

Hapa ndipo swali la mwanafunzi wangu linapouma. Tunafunza kwamba fasihi simulizi huwa na fanani na hadhira ana kwa ana, kwamba hubadilika kulingana na hali, na kwamba ni mali ya jamii. Santuri ilitikisa sifa zote tatu. Hadhira haikuwapo mbele ya fanani. Upande mmoja wa sahani ulichukua takribani dakika tatu, hivyo wimbo uliozoea kurefushwa kwa vifijo vya watazamaji ulilazimika kukatwa. Utendaji mmoja kati ya mingi uligandishwa, ukawa kana kwamba ndio wimbo wenyewe.

Je, wimbo huo ukawa fasihi andishi? La. Sauti, ala, mwendo na pumzi bado vimo, na vyote hivyo hupotea tunapouchapa kwenye karatasi ya mtihani. Naona afadhali tuseme kwamba ni fasihi simulizi iliyohifadhiwa kwa chombo, na chombo hicho huacha alama zake. Tunapoorodhesha njia za kuhifadhi fasihi simulizi, tusikomee kutaja faida. Tuulize pia kila njia inapunguza nini.

Na mtunzi? Nyimbo nyingi ziliundwa kwa ushirikiano: huyu ameleta kisa, yule amerekebisha kina, mwingine ametafuta lahani. Siti alizitia sauti. Basi tutenganishe watu watatu tunaowachanganya mara kwa mara katika majibu: mtunzi, ambaye hapa ni kundi, mwimbaji, ambaye ni Siti, na nafsineni, ambaye ni sauti inayosema ndani ya wimbo. Anayeandika "Siti anasema alidhulumiwa" kila anapokutana na neno "mimi" amekosea.

Kutoka sauti hadi kitabu

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert ndiye aliyemwandikia Wasifu wa Siti binti Saad. Mtahiniwa akumbuke kwamba huu ni wasifu, tofauti na Maisha Yangu, ambayo ni tawasifu ya mwandishi huyo. Tofauti hiyo si ya istilahi tu. Katika wasifu, mwandishi ndiye anayeteua. Shaaban Robert alikuwa mshairi wa adili, na kama ilivyo katika Adili na Nduguze, kalamu yake hupenda kumsimamisha mhusika kama kielelezo cha subira na wema. Tunamshukuru, kwa kuwa bila yeye tungejua machache mno. Lakini tusimsahau Siti wa tungo kali kwa sababu tumempenda Siti wa mawaidha. Asome mtu kitabu, kisha atafute sauti.

Hitimisho

Nilimwona mwanafunzi yule wiki iliyofuata, nikamwambia: mtunzi ni kundi, sauti ni ya Siti, na santuri ni chungu kilichohifadhi maji, nacho chungu huyapa maji umbo lake. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi hata mtihani ni chungu." Sikuwa na la kuongeza.

Maswali ya kujadili

1. "Santuri iliikuza na kuipunguza taarabu kwa wakati mmoja." Jadili.
2. Eleza jinsi majina Mtumwa na Siti yanavyoakisi nafasi ya mwanamke maskini katika jamii ya Unguja ya wakati huo.
3. Tofautisha mtunzi, mwimbaji na nafsineni kwa kurejelea wimbo wowote wa jamii yako.