Ghala la Mpunga Hukaguliwa Kuanzia Miguuni

Anayetaka kujua kama ghala la miti limejengwa na fundi au na mtu mwenye haraka, asianze na paa. Ainame. Katika mashamba yanayoizunguka Kindu, ng'ambo zote mbili za mto Lualaba, udongo hukaa na unyevu na mchwa hawapumziki. Uhai wa jengo zima uko pale nguzo inapoingia ardhini.

Choma kisu hapo. Mvule una moyo wa kahawia usioliwa ovyo na mchwa, lakini tabaka lake jeupe la nje huliwa upesi. Fundi mwema hulichonga lote kabla ya kusimika. Kisu kikizama, ukaguzi umekwisha. Siku hizi wengi huzungushia nguzo saruji wakidhani wameiimarisha; mimi nguzo hiyo naiogopa. Mti husinyaa, ufa hufunguka kati yake na saruji, maji huingia yasipate pa kutokea. Afadhali kokoto zilizoshindiliwa, zinazopitisha maji.

Sakafu iwe juu ya ardhi kiasi cha mita 1, kwa sababu panya huruka, na kila nguzo ivishwe kizuizi. Wakulima wa Galicia, Hispania, huweka jiwe bapa juu ya nguzo. Kwetu debe kuukuu lililokunjwa kama faneli linatosha kabisa, mradi libane nguzo na pasiwe na tawi karibu. Ngazi iliyoachwa imeegeshwa mlangoni hubatilisha kazi yote hiyo.

Sasa kuta, na hapa ndipo ninapokawia. Mpunga ukijaa husukuma kuelekea nje. Kwa hiyo fito zifungwe upande wa ndani wa nguzo, ili mzigo uzikandamize kwenye mti. Zikifungwa nje, kamba ndiyo inayobeba kila kitu, na siku moja itakatika. Ni jambo dogo, lakini ndilo linalonionyesha kwamba mjenzi aliufikiria mpunga kabla ya kuufikiria ukuta. Mwamba ulale ndani ya panda ya asili ya nguzo, usining'inie kwenye msumari. Henzirani ikifungwa ingali mbichi hukaza kadiri inavyokauka, ilhali msumari katika mti mbichi hulegea.

Mpunga wenyewe ulienezwa hapa kwetu Maniema na wafanyabiashara kutoka Zanzibar katika karne ya 19, walipoweka makao Nyangwe na Kasongo, ambako mmoja wao, Tippu Tip, alijiimarisha tangu 1875. Zao hilo linastahili majengo yanayolilinda, na ninasikitika nikiona ghala la mvule likibomolewa ili liwekwe banda la mabati, linalochemka mchana na kudondosha umande usiku.

Usivutiwe na ukubwa. Ghala la mahindi yanayovunwa mabichi, katika hali ya hewa kama yetu, lisizidi upana wa sentimita 60, upepo upenye hadi katikati. Mpunga uingizwe ukiwa umekaushwa hadi unyevu wa asilimia 14 hivi. Paa la majani ya mwale linahitaji mteremko mkali, wa nyuzi 45 au zaidi, na ukingo unaotoka mbali nje ya kuta.

Mwishowe mwombe mwenyeji akutolee mpunga wa chini kabisa, si ule wa juu, uubane kwa meno. Punje kavu hukatika kwa mlio. Yenye unyevu hubonyea.