Sifa na Utazamaji: Maoni juu ya Barua za Gilbert White

Aghalabu wahakiki hudai kwamba maandishi juu ya maumbile humvuta msomaji kwa njia ya sifa: mwandishi akiusifu mto, msomaji naye huupenda. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba dai hilo halitoshi. Ushahidi wetu ni The Natural History and Antiquities of Selborne, kitabu kilichochapishwa London mwaka 1789. Mtungaji wake, Gilbert White, alikuwa kasisi wa kijijini kusini mwa Uingereza.

Sehemu ya maumbile katika kitabu hiki ni mfululizo wa barua kwa wataalamu wawili, Thomas Pennant na Daines Barrington. Umbo hili lina maana. Mwandishi wa barua hahubiri. Humpasha mwenzake habari ya alichokiona, na humwuliza panapomtatiza. Msomaji naye huwekwa mahali pa mwenzake huyo, akawa mtazamaji wa pili.

Tuchukue mifano miwili. White aliwapambanua ndege wadogo watatu, ambao kwa umbo wanafanana mno, kwa kusikiliza tofauti za milio yao. Hakutosheka kusema kwamba milio hiyo ni mitamu. Pili, katika barua ya mwaka 1777 alimtetea nyungunyungu, kiumbe anayedharauliwa, akieleza jinsi anavyotoboa udongo na kuulegeza hata mvua ikapenya na mizizi ikaenea. Hapa heshima haikuombwa, bali imetokana na hoja.

Matokeo yake yanajulikana. Charles Darwin alieleza katika tawasifu yake kwamba kitabu hiki kilimfanya, angali mvulana, apende kutazama tabia za ndege na hata kuziandika. Mwaka 1881 alichapisha kitabu kizima juu ya nyungunyungu. Hatusemi kwamba kazi hiyo ilizaliwa na barua moja. Tunasema kwamba White alimwachia msomaji wake kazi ya kufanya, wala si maneno ya kukariri.

Yapo makosa. White hakuacha kabisa kudhani kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha Uingereza wakati wa baridi, ingawa ndugu yake aliyekuwa Gibraltar alimpasha habari za ndege hao kuvuka bahari. Leo twajua kwamba mbayuwayu wa Ulaya huhamia Afrika. Hata hivyo kosa hilo halikidhuru kitabu, kwa kuwa swali limeachwa wazi, na msomaji huvutwa kulitafutia jibu.

Jambo hili latuhusu sisi tunaofundisha fasihi ya Kiswahili. Katika insha nyingi jua hutua na ndege huimba, lakini ni ndege gani? Lugha yetu inao chiriku, kurumbiza na tetere, na kila mmoja ana mlio wake. Yafaa basi mwanafunzi afundishwe kuwatofautisha kabla ya kufundishwa kuwasifu. La sivyo majina haya yatabaki katika kamusi, na msomaji hatakuwa na sababu ya kuinua macho atazame mtini.