Sullust: Sayari Isikikayo kwa Sauti ya Afrika Mashariki

Katika filamu ya Return of the Jedi (1983), sayari ya Sullust hutajwa tu kuwa karibu na mahali zinapokusanyika meli za waasi, yenyewe haionyeshwi. Mtazamaji huijua kupitia mwenyeji wake mmoja, Nien Nunb, rubani msaidizi wa chombo cha Millennium Falcon. Sauti yake ilitolewa na Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa masomoni Marekani, na Kikuyu ni miongoni mwa lugha alizozitumia. Kwa hiyo, Sullust ilipata lugha kabla ya kupata mandhari.

Uamuzi huo wa kisanaa unastahili kuhojiwa. Maneno ya mhusika Jabba, katika filamu hiyohiyo, yamewekewa tafsiri chini ya picha. Ya Nien Nunb hayakuwekewa. Yalikusudiwa kusikika, si kueleweka. Ugeni wake basi haumo katika lugha yenyewe, bali katika dhana kwamba hadhira haina mtu aijuaye. Dhana hiyo huporomoka mara filamu inapofika Nyeri au Murang'a: kwa msemaji wa Kikuyu asiyejua Kiingereza, kiumbe wa sayari ya mbali ndiye anayeeleweka, na binadamu ndio wageni.

Yaweza kutetewa kwamba Nien Nunb si adui wala mjinga. Ni rubani anayeaminiwa katika pigano la kuamua hatima ya wote. Utetezi huo una uzito, kwani unaonyesha kuwa lugha ya Kiafrika yaweza kutumika kwenye usukani wa chombo cha angani bila kuvunja hadithi. Hata hivyo, heshima aliyopewa mhusika haikupewa lugha yake.

Kampala imekwisha kulijibu tatizo hili la hadhira kwa njia yake. Katika vibanda vya video, wafasiri waitwao VJ husimulia filamu za kigeni kwa Kiganda huku zikionyeshwa, na mtazamaji aliyesahauliwa na mtengenezaji huwa ndiye mlengwa. Kiswahili chahitaji juhudi ya namna hiyo. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe kwa lazima shuleni. Utekelezaji wa uamuzi huo ujumuishe kugharimia tafsiri za filamu na uandishi wa bunilizi za kisayansi kwa Kiswahili, ili wanafunzi hao wawe na cha kusoma na kutazama nje ya vitabu vya kiada.